Saa Moja Angani Haikumtosha Mama

Mdogo wangu Beata,

Hujambo, na kahawa uliyoanika haijambo? Tumefika Mtwara salama, ila Mama ametuaibisha, na nataka uyasikie kwangu kabla hajakusimulia ya kwake.

Unajua basi la Mbinga hadi Songea linavyomtosha kusali rozari, matendo ya furaha, ya uchungu hadi msalabani, na ya utukufu kuanzia ufufuko, tena akasinzia kidogo. Uwanjani Songea nikamwambia simu inasema ndege hadi Mtwara ni kama saa moja tu. Akanicheka. Mtwara ni mbali, simu ijue nini? Akaamua kusali taratibu, rozari isije ikaisha angani ikatuacha bila ulinzi.

Ndege ikatua, watu wakashuka. Mama kafumba macho, mkanda hajafungua.

"Mama, tumefika," mhudumu wa ndege akamwambia.

"Wewe ndiye uliyefika, mwanangu. Mimi bado nipo na Yesu msalabani. Nimwache hapo?"

Mhudumu akaenda kumwita rubani. Rubani akatoka kuona kuna nini, akavua kofia, akaitikia Salamu Maria zilizobaki harakaharaka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mimi nilikuwa natafuta begi nililolishika mkononi.

Joto la huku limenikumbusha baridi ya huko nyumbani Matiri, na wewe zaidi. Baba mchemshie uji wa ulezi, umwambie tutachelewa, maana kurudi tunapanda basi. Mama anasema ndege inamsulubisha Yesu, halafu haimpi muda wa kufufuka.

Dada yako akupendaye,
Osmunda