Pepo wa Usingizi

Jumatatu, 10 Juni

Umande mpaka kiunoni. Tumechuma muguka, majani ya kutafuna, tangu giza, mimi, Baba Wanja na Wanja mwenyewe. Mtoto mgongoni, analia meno. Zinatakiwa ncha laini tu, na jua likizipata zinanyauka kabla ya kufika Nairobi. Kwa hivyo gari la Bwana Nyaga, mnunuzi, hupiga honi kabla mtu mwenye akili hajaamka.

Wanja hutushinda sote wawili. Amepewa jina la nyanya yake, mama mkwe wangu, na huyo Cucu, kama tunavyomwita bibi, hachoki kutangaza kwamba hata vidole ni vyake. Ameenda shule bila kunywa chai. Vidole bado kijani.

Shule imetuma ujumbe. Mkutano wa wazazi Jumatano, matokeo ni mabaya. Hiyo si habari.

Jumatano, 12 Juni

Nusu siku kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza upuuzi. Mwalimu mkuu anasema ni simu. Simu gani, watoto wengi wa huku hawana hata tochi. Mzee wa kanisa anasema ni nguo fupi. Wazazi wakasema ni walimu, walimu wakasema ni wazazi. Kisha akasimama mwenyekiti wa wazazi. Bwana Nyaga yuleyule wa honi, koti limepigwa pasi. Eti watoto wa siku hizi ni wavivu, wanalala darasani kama wamelipwa. Akapigiwa makofi. Yeye anayewaamsha! Nikaangalia mikono iliyompigia. Kijani kama yangu.

Uamuzi wa watu wazima wote hao: Ijumaa siku ya maombi. Kila mwanafunzi alete kalamu ipakwe mafuta. Mwalimu wa fizikia aliondoka muhula uliopita na hakuna aliyemtaja. Kuleta mafuta ni rahisi kuliko kuleta mwalimu.

Naibu wa mwalimu mkuu aliniita kando. Wanja analala kila siku, asubuhi yote. Alama zisipopanda mtihani ujao, mwakani atarudia kidato cha pili. Mimi niliishia kidato hichohicho, yeye akiwa tumboni. Najua msichana anavyorudia. Wiki chache, kisha shamba, kisha mtoto.

Ijumaa, 14 Juni

Kalamu zilirundikwa mezani kama kuni. Mhubiri mgeni, viatu vinang'aa. Alihubiri mpaka jua likageuka. Wanja akasinzia, kichwa begani kwa mwenzake. Mhubiri akamwona, akamwita mbele ya shule nzima, akamwekea mkono kichwani na kumkemea pepo wa usingizi amtoke. Watu wakafumba macho. Amina kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bwana Nyaga.

Mtoto wangu alisimama pale akitazama viatu vyake. Nilitaka kumwambia mhubiri kwamba pepo huyo namjua, ana gari jeupe na hupiga honi alfajiri. Mdogo akaanza kulia, nikamtoa nje kumnyonyesha, nafasi ikapita. Nimejidharau kidogo. Wao nimewadharau zaidi.

Jioni Wanja alikuwa anafuta kalamu yake kwa kitambaa. Nilimuuliza kuna nini.

"Inateleza, mum. Haiandiki."

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia Baba Wanja mtoto hachumi tena kabla ya shule. Akasema ni msimu tu. Msimu gani, na muguka huchumwa mwaka mzima. Si mtu mbaya. Anaogopa tu kumkosa mnunuzi.

Cucu alikuwa jikoni, akasikia. Akaja akauliza kama yeye vidole vyake vilioza kwa kuchuma. Akavinyoosha tuvione. Vimepinda. Siku hizi haviwezi hata kifungo cha sweta, mimi ndiye humfungia. Kumjibu mama mkwe vibaya siwezi, na sitaki.

"Vidole vya Wanja ni vyako, Cucu. Hata macho yake ni yako. Nenda uyaangalie yalivyo mekundu."

Akakaza leso yake akaenda. Hakula githeri yangu.

Jumatatu, 17 Juni

Sikumwamsha. Niliketi kwenye kizingiti cha chumba chake, mdogo ananyonya. Baba Wanja akaja na gunia, akasimama mbele yangu. Tulitazamana. Akaenda shambani peke yake. Nilimpelekea chai baadaye, nikachuma kando yake.

Honi. Bwana Nyaga akashuka, akainua gunia kwa mkono mmoja, akacheka vibaya. Huu ni mzigo gani, Mama Wanja, na yule msichana wa vidole vyepesi yuko wapi.

"Amelala. Ule usingizi mliomtoa Ijumaa, mwenyekiti, nimemrudishia."

Baba Wanja alikohoa. Sijui kama alikuwa anacheka. Nyaga akasema mashamba ni mengi, atatafuta kwingine. Atafute. Huko pia atakuta watoto wa watu, kisha aende mkutanoni awaite wavivu.

Wanja alitoka akiwa amenawa uso. Akaona jua, akashtuka, akafikiri amechelewa. Hakuwa amechelewa. Amesahau tu asubuhi inavyoonekana.

Alhamisi, 20 Juni

Ukungu. Cucu alikuja shambani na kikapu chake bila kuitwa. Akashika mstari wa kando yangu akaanza kuchuma. Tawi moja, polepole, mpaka nikaacha kutazama.

Baadaye akauliza, "Bado amelala?"

"Bado, Cucu."

"Basi tusiongee kwa nguvu."

Jua lilipotoka Wanja alikunywa uji mlangoni huku akisoma kwa sauti, mdomo umejaa. Nikamfungia Cucu kifungo cha sweta. Gari halijaja tangu Jumatatu; tunachuma tu endapo litakuja. Majani mengine yameanza kukomaa mtini.

Yakomae.