Jaketi la Mgonjwa

Shoga, mkojo wangu umekutwa na kokeini. Mimi, ambaye chai ya rangi tu inaninyima usingizi.

Ni lile jaketi la mgonjwa aliyeletwa jana amezirai. Sista mkuu alinituma niikung'ute mifuko yake. Nikaomba glavu na barakoa, akasema, "Zimeisha, mwanangu. Kung'uta tu, hilo ni vumbi." Likanipanda puani, moyo ukaenda mbio, wakanipima.

Leo mbele ya daktari mkuu sista kanikana. Yeye, ninayemwita mama. "Sikumtuma mimi. Vijana hawa wana mambo yao."

Wana mambo yao, shoga.

Nimesimamishwa kazi. Kanisindikiza mpaka getini, kanishika mkono, kaninong'oneza: "Usinichukie. Wewe bado mbichi, utapata kazi kwingine. Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."