Mgeni wa Mama wa Kila Jumanne

Dundee,
Alhamisi, 16 Machi

Mdogo wangu Fergus,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua isiyotaka kukoma. Natumaini wewe, Janine na mapacha hamjambo huko Calgary. Mimi mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, na hata sasa nainuka kila baada ya mstari kwenda kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa.

Mama hajambo, tena kanenepa kidogo. Unakumbuka alivyokuwa baada ya kumzika Baba, wiki nzima hasemi na mtu mpaka mimi nimpigie simu? Sasa ana mgeni. Anaitwa Denise, katoka kile chama cha pale Arbroath kinachowatafutia watu wapweke marafiki wa kuwatembelea. Anakuja kila Jumanne saa nane mchana, wanakunywa chai, wanacheza dhumna, wanasengenya mtaa mzima. Mama anasema Denise anaiba kwenye dhumna mchana kweupe bila haya, na akisimulia anacheka mpaka anakohoa. Wengine husubiri mwaka mzima kupata mtu. Yeye alipata kwa wiki tatu.

Jumamosi chama kiliandaa chai ya kuchangisha fedha kwenye ukumbi wa kanisa. Nikaoka skonzi arobaini nikapeleka, maana waliomrudishia mama yangu kicheko nitawashukuruje kwa mdomo mtupu? Sikujua kama Denise angemleta. Nageuka na sinia, huyo Mama, ameketi meza ya mbele na lile koti lake la bluu.

Denise akanishika mkono, akaniambia njoo umsalimie rafiki yangu Ina, maskini, hakujaliwa hata mtoto mmoja. Fergus, nikaweka sinia mezani haraka! Mama akaniangalia, akanipa mkono kama mtu asiyenijua, akasema amefurahi kunifahamu, na skonzi zangu zinapendeza ingawa zimeungua chini. Hata hapo hakuacha kunikosoa.

Sasa nikwambie. Fomu ya kumwombea mgeni niliijaza mimi. Waliuliza kama ana watoto, nami nilikuwa nimesikia kwamba wasio na mtu hutangulizwa. Nikaandika hana. Nilijidanganya kwamba ni kwa ajili yake, kumbe nilichoka kujiona mkosaji kila Jumapili nisipokwenda, na ni nusu saa tu kwa gari. Nikatufuta sote wawili. Na yuko mtu asiye na mtu kweli ambaye mpaka leo anangoja zamu niliyompora. Naona aibu, Fergus.

Chai ilipokwisha nilijitolea kumrudisha Mama kwa gari langu, kana kwamba ni wema wa mgeni tu, na njiani nikalia, nikamwambia Jumatatu nakwenda ofisini kwao kusema ukweli. Akaniambia nisithubutu. Kumbe Denise alimpa pole ya kukosa watoto tangu siku ya kwanza, naye akaipokea, akiogopa kwamba akikanusha mgeni ataaga. Kisha akaniuliza, bila hasira hata chembe, Denise akiacha kuja, Jumanne atakuja nani?

Jumatatu nilifika mpaka mlangoni pa ofisi yao, nikarudi.

Nibusie mapacha, na Janine umwambie sweta limefika salama. Mama mpigie simu, tafadhali, mpigie mara kwa mara. Ila usipige Jumanne saa nane. Saa hiyo hana watoto.

Dada yako akupendaye,
Lorna