Kwa Shangazi, Kuhusu Mpunga Uliojilima Wenyewe

Mpendwa Shangazi,

Salamu nazifupisha, maana nakujua: mtu akianza kukusomea habari za "sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu", wewe unaanza kutafuta ungo wako. Hatujambo. Salma anarefuka, mimi nanenepa, na Germantown imeanza kupoa. Na wewe wifi Mwanaidi, unayemsomea kama kawaida, usiruke mstari hata mmoja. Najua barua zangu husomwa barazani kwa sauti, mbele ya kila aliyekuja kuomba chumvi. Safari hii ndivyo ninavyotaka, kwa sababu huko mbele nina kosa la kukiri, na nataka watu wasikie.

Lakini kwanza tucheke kidogo.

Mwaka ule wa tisini na saba niliwaambia watu wote kwamba nimekuita Marekani unisaidie kumlea Salma, kwa kuwa nilikuwa napiga shifti mbili za kuhudumia wazee majumbani. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba wewe ndiye uliyenilea tangu nina miaka sita, na nilikuwa nimekukumbuka mpaka naumwa. Nilitaka ubaki moja kwa moja. Nawe ukakaa miezi mitatu begi liko nyuma ya mlango, unatoa kanga moja unarudisha nyingine, hutaki hata kabati. "Nyumba nzuri," ulikuwa unaniambia, "lakini mtu anashinda anafanya nini humu?" Nikawa nakuwashia televisheni, nawe unaizima nikigeuka.

Aliyeniokoa ni Bwana Earl, yule mzee ambaye nilikuwa namhudumia mkewe kule Rockville. Alinisikia nikilalamika juu yako, akaniambia kwamba mtoni Patuxent, kando ya shamba la dada yake, kuna mpunga unaoota wenyewe ndani ya maji, na kila mwisho wa Agosti yeye huingia na mtumbwi akauvuna kwa mkono, wa kula tu. Nilirudi nyumbani mbio kukuhadithia.

"Kaulima nani?" ukauliza.

"Hakuna."

"Wa nani?"

"Hauna mwenyewe."

Ukanitazama kwa huruma. "Mwanangu, umechoka. Nenda kalale."

Jumamosi tukaenda, zaidi ya saa nzima ndani ya gari, wewe umekaa mbele umepakata ungo utadhani unaenda harusini. Tulipofika, ulivua viatu kabla hujaambiwa. Mabua yalikuwa marefu kumpita Bwana Earl, na Bwana Earl si mtu mfupi. Ukavuta suke moja, ukatoa punje, nyembamba na ndefu kama sindano ya kushonea magunia, ukaimenya kwa kucha, ukaitafuna. "Mpunga," ulisema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake kwenye stendi asikomjua mtu. Nilikuangalia nikajisemea, basi, huyu habanduki tena.

Sasa Mwanaidi, soma polepole hapa, maana mwenyewe atakataa.

Ndege walikuwa wengi, Shangazi. Wale weusi wenye bega jekundu, na wengine wadogo wadogo, wametanda juu ya masuke wanakula kama waliolipia. Mrufiji gani anaweza kuvumilia hilo? Ulipiga ukelele uliomfanya Bwana Earl aangushe kafi lake. Ukachana kitambaa cha kichwa, ukafunga teo, ukatia bonge la tope, ukalizungusha. Bonge la kwanza likaenda kwa ndege. La pili likamkuta Bwana Earl mgongoni. Yule mzee hakukasirika. Alijipangusa, akaniomba nikutafsirie: "Mwambie mama kwamba hapa wenye shamba ni hao ndege. Sisi ndio wageni."

"Mwambie," ukajibu, "kwamba kwetu mgeni wa namna hiyo haachi hata wishwa."

Nilitafsiri nusu tu.

Halafu akatuonyesha kazi. Fimbo mbili nyepesi: moja unainamisha mabua juu ya mtumbwi, nyingine unayagonga taratibu, na zilizoiva zinadondoka zenyewe. Mbichi unaziacha, utazirudia wiki ijayo. Ulijifunza mara moja, ukamzidi mwenye kazi. Shida yako ilikuwa ni zile zinazodondoka nje. Nusu huanguka majini, na Bwana Earl akaeleza kwamba ndizo mbegu za mwakani, ziache. Uliziacha kama kumi hivi. Ya kumi na moja ukaifuata kwa mkono, ukainama, na mtumbwi nao ukainama, na tukajikuta sote watatu tumesimama kwenye tope hadi kiunoni, mpunga wa asubuhi nzima unaelea kuelekea baharini. Salma, aliyekuwa ukingoni, alicheka mpaka akakaa chini. Wewe ulinyanyua ngumi juu ya maji, ukaifungua. Punje yako ilikuwa mle ndani.

Huo mpunga kidogo tuliopata baadaye ndio uliofungua begi lako. Bwana Earl alisema lazima ukauke juani, kisha ukaangwe ndipo ganda liachie, na mimi nikaona ni kazi ya ajabu. Wewe ukacheka. "Hiyo ni pepeta yetu, mpunga wa kukaanga na kutwanga. Mbona anaieleza kama kaibuni yeye?" Ukaukaanga jikoni kwangu kwenye sufuria pana hadi king'ora cha moshi kikalia na majirani wakatoka nje na watoto wao. Ukautwanga kwenye pipa la maua kwa rungu la besiboli la Salma. Ukaupepeta pale uani, makapi yakaenda kwa jirani, nawe ukamsalimia kwa Kiswahili kana kwamba umempelekea zawadi. Usiku tukala, mweusi, una harufu ya moshi na majani. Kesho yake nilikuta kanga zako zote kabatini. Shangazi, nilikwenda kulia bafuni kwa furaha.

Kwa hiyo mwaka uliofuata nilijua nifanye nini. Agosti ilipofika nilikuombea ruhusa kwa Bwana Earl, nikakununulia mabuti, nikabadilisha shifti zangu za Jumamosi zote. Tulivuna mara nne. Hukuzamisha mtu. Hata ndege uliwasamehe, ingawa ulikuwa unawasemesha vibaya kwa sauti ya chini. Nikawa naona mambo yamekamilika. Ile siku ya mwisho, tumekaa uani tunakula, ukaweka sahani chini ukaniambia, "Mwanangu, narudi nyumbani. Mwaka wa pili huu navuna nisipolima. Mpunga ni mzuri, lakini haukunisubiri mimi niupande. Wangu nimeuachia nyani."

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyekupeleka mtoni ili ubaki, na mto ule ule ndio uliokukumbusha kuondoka. Nikawa nakujibu "ndiyo" na "hapana" wiki tatu nzima, mtu mzima na akili zangu.

Na kosa langu ndilo hili, Mwanaidi, paza sauti. Siku ya safari yako nilikwambia nimepewa shifti ya ghafla, siwezi kukusindikiza uwanja wa ndege. Rafiki yangu akakupeleka, Salma akaenda, mimi nikabaki. Sikuwa na shifti, Shangazi. Niliegesha gari nje ya duka moja pale Rockville Pike, nikakaa humo kutwa, natazama saa. Saa ya ndege yako ilipopita nikaingia dukani nikanunua kitunguu kimoja, ili nirudi nyumbani na kitu mkononi. Wewe uliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nina homa, mimi nilishindwa kukubebea begi. Nilijua nikikuona pale mlangoni ningekushika nguo mbele za watu nisikuachie. Hiyo ndiyo sababu, lakini haiwi udhuru. Naomba unisamehe, na walioko barazani wawe mashahidi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mtoni bila wewe. Bwana Earl aliniuliza habari zako kabla hata ya kunisalimia. Salma sasa ndiye anayegonga, anao mkono wako, ila ukimsifu kwa Kiswahili anashukuru kwa Kiingereza. Mimi nilikaa nyuma na kafi. Punje zilikuwa zinadondoka majini, tiki, tiki, na sikunyoosha mkono hata mara moja. Kopo linaloambatana na barua hii ndio mpunga wenyewe. Umekwisha kaangwa, hauoti, kwa hiyo usijisumbue kuuficha uwe mbegu.

Tangu uondoke, kila nikiswali nilikuwa naomba kitu kimoja, urudi. Nimeomba mwaka mzima, na kusema kweli nilikuwa nafurahi kidogo nikisikia Rufiji kuna ukame, nikidhani utachoka na shamba. Mungu anisamehe na hilo. Juzi nimetoka mtoni, nimenawa, nimetandika mswala, nimenyanyua mikono. Nikaomba mvua inyeshe kwenu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Zuhura