Beringi ya Gari la Ochieng

Jumapili, jioni. Mvua imekatika lakini paa bado linadondoka, na upande wa ziwa mbingu ni nyeusi. Nimekaa sebuleni na nguo za kanisani sijazivua. Gari limerudi nyumbani. Mama amejifungia chumbani mwake na redio yake siisikii.

Naandika kwa sababu sijui nimefanya nini.

Gari ni la kaka yangu, Ochieng. La kijivu, viti viwili tu, na la chini hivi kwamba Mama alikuwa akisema gari hilo mtu haliingii, analivaa. Alilinunua kuukuu kutoka Nairobi na mtaa mzima ukamcheka, gari la mbio kwenye mashimo yetu! Hakujali. Jioni akipunguza mwendo getini, injini ilikuwa na sauti yake ya pekee, mkwaruzo mwembamba kama mtu anayetikisa misumari ndani ya mkebe. Mama akiusikia tu anaweka chai jikoni.

Mwaka jana figo zilimshinda. Tulimzika nyumbani kwetu, upande wa Muhoroni, kisha tukarudi Kisumu na kulikuta gari uani, likiwa vilevile alivyoliacha.

Mama hakutaka liuzwe wala liendeshwe. Alitaka jambo moja. Kila Jumapili tukitoka kanisani niliwashe na kuliacha lingurume pale pale uani. Yeye anasimama kwenye mlango wa jikoni, amefumba macho, anasikiliza. Likishatulia na ule mkwaruzo ukaanza, uso wake unalegea. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa naangalia usukani.

Kuhusu beringi nilielezwa na Kamau, fundi aliyelihudumia gari hilo Ochieng akiwa hai. Ni mtu wa Nyeri, lakini amekaa hapa miaka mingi na gereji yake iko barabara ya kwenda Kisian. Alinieleza kwamba injini za aina hiyo zina beringi moja, pete ya chuma inayozunguka, iliyofichwa ndani kabisa, nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Siku ikivunjika, mnyororo unaoendesha valvu unalegea, valvu zinagongana na pistoni, na injini inakuwa chuma chakavu. Mara nyingi haitoi taarifa. Dawa ni kuibadilisha mapema, ikiwa bado nzima.

Ochieng alilijua hilo. Alisema ataibadilisha baada ya Krismasi. Krismasi ilimkuta wodini.

Basi kila Jumapili nikizungusha ufunguo nilikuwa naikumbuka ile beringi. Nilikuwa naiona injini ikinifia mkononi na Mama amesimama pale, macho ameyafumba. Niliogopa angemzika Ochieng mara ya pili.

Nilipomwambia tuibadilishe, alikataa.

"Nyara, binti yangu, hiyo gari haijaharibika. Unafungua kitu mzima ya nini?"

"Ndiyo isiharibike, Mama."

"Na ikirudi kama si yake?"

Nilicheka. Nikamwambia gari ni lile lile, ni kachuma kadogo tu kanatolewa. Lakini siku chache baadaye, nikinywa chai kabla ya kwenda kufundisha, alikuja akaweka ufunguo kando ya kikombe changu, akaenda zake.

Sasa niseme kuhusu Ijumaa, kwa sababu sijamwambia mtu.

Gari lilikuwa kwa Kamau, giaboksi imeshushwa sakafuni, haliwezi kutembea. Nilijua hivyo, nilikuwa nimepita nikaiona kwa macho yangu. Alasiri nilikuwa mezani nasahihisha insha za wanafunzi. Mama akaita kutoka chumbani.

"Atieno, fungua geti. Ochieng amefika."

Nilitoka. Nilifungua geti, nikafungua mabawa yote mawili kama tulivyokuwa tukimfungulia. Barabara ilikuwa tupu, madimbwi tu na mbuzi wa jirani. Nilisimama nimeshikilia geti kwa muda, halafu nikalifunga.

Sikutoka ili kumridhisha Mama. Nilitoka kwa sababu na mimi nilikuwa nimeusikia ule mkwaruzo. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi kabla hajaniita.

Niliporudi ndani alikuwa anamimina chai, vikombe vitatu. Tulikunywa viwili. Kile cha tatu kilipoa mezani na hakuna aliyekigusa mpaka asubuhi.

Jana Kamau alinipigia simu niende. Beringi ya zamani ilikuwa juu ya kitambaa. Kwanza alinipa mpya iliyofanana na ile aliyoifunga, nikaizungusha kidoleni, ikateleza kimya kama iko kwenye maji. Halafu akanipa ile ya Ochieng. Ilikwaruza kidoleni kama mchanga kwenye meno.

"Hii ilikuwa imeanza safari, Madam," alisema. "Chujio ya oili ilikuwa safi kabisa, haina unga wa chuma, ndio maana sikushuku. Na ile kelele yake, mimi nilidhani ni mnyororo tu. Kumbe ni hii ilikuwa inalia."

"Kwa hivyo kelele itapungua?"

"Imeisha kabisa!" Alitabasamu kama mtu anayempa mwenzake habari njema, na zilikuwa habari njema.

Nilisimama pale gerejini nikiwa na kile chuma mkononi, na kwa muda nilitaka kumwambia airudishe. Nakiri hivyo. Nilitaka airudishe ikiwa mbovu vilevile.

Nilimshukuru.

Leo Mama aliamka na maumivu ya goti, akabaki nyumbani. Baada ya ibada Kamau alinikabidhi gari nikaliendesha mwenyewe. Linakwenda vizuri mno. Nilipofika getini nilipunguza mwendo, nikasikiliza. Injini ilinguruma chini kwa chini, laini, safi. Injini ya mtu yeyote.

Niliingia uani. Hakuna aliyetoka. Nilikuwa nimeshazima ndipo Mama akatokea mlango wa jikoni akijifuta mikono.

"Nani amekuja?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

Aliliangalia gari, kisha akaniangalia mimi. Alichechemea hadi pale, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwenye joto.

"Inatembea vizuri?"

"Vizuri sana."

"Sawa," alisema. Akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake, na tangu hapo nimekaa hapa.

Nilikuwa nimeishia hapo kuandika. Sasa hivi ametoka. Macho yamevimba lakini amejifunga leso vizuri, na ameniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kesho unaenda kufundisha Maseno na nini?"

"Na gari za stendi, Mama, kama kawaida."

"Enda na hiyo ya ndugu yako." Alitazama dirishani. "Lakini ukifika getini jioni, piga honi. Nijue ni wewe."

Nimemwambia nitapiga.

Sijui honi ya gari lile inaliaje. Ochieng hakuwahi kuipiga getini.