Pini Shingoni

Dada yangu,

Nilifika salama. Mvua imeanza, na cherehani imepona, haikati uzi tena.

Asante kwa kunilaza chumbani kwako. Nilipofungua kabati kutafuta shuka, nikayakuta magauni yote niliyokushonea miaka hii. Pini ninazochomeka shingoni yasikunjamane njiani zilikuwa palepale. Hujavaa hata moja, na bado ulikuwa unaagiza mengine.

Kumbe ndiyo maana mbele ya wageni unanipigapiga begani, "Mdogo wangu naye anajitahidi, jamani!" Nami nilikuwa nacheka, nikijua nimesifiwa.

Kama mikono inabana, ungeniambia tu, dada. Ningefumua.

Usiniagize tena. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
anayejitahidi.