Mama Mkwe Alisema Ameona

Dzaleka, Jumamosi, 14 Juni 2003

Kwako Furaha,

Leo upepo wa baridi umepiga kambi yetu ya wakimbizi kutwa nzima, ule unaoingiza vumbi mpaka kwenye nsima, ugali wa huku Malawi. Nimerudi kutoka Lilongwe na nyuzi, zipu na aibu.

Wewe unajua nilivyo. Nikipata kitu kipya sinyamazi. Tangu niiweke hewani tovuti yetu, yenye picha yako na barua hizi ninazokuandikia, nimewaambia watu wa kanisa, wateja wa cherehani, hata mwenye kabaza aliyenibeba kwa baiskeli, kwamba mke wangu aliyebaki kwenye kaburi la Uvira sasa anaonekana dunia nzima.

Nilijisifu. Niseme tu hivyo.

Picha yenyewe alikuwa nayo mama yako. Ile ya studio, umesimama mbele ya pazia la maua na mkoba wa jirani, ambao ulimrudishia jioni ileile. Aliibeba kwenye fundo la kitenge toka Uvira, akavuka nayo ziwa, akapita nayo Tanzania yote. Hana nyingine. Mwezi uliopita nilimwomba nikaipige skana mjini, akanipa kwa mikono miwili.

Baada ya wiki moja nilimpeleka Chilinde, mtaa wa Lilongwe, kwenye cyber, duka la intaneti, akuone. Nilimfungulia ukurasa, nikamwachia kiti, nikaenda kusimama mlangoni na kumpa mgongo. Ningefanyaje? Mkwe habanani na mama mkwe mbele ya mashine moja, bega kwa bega, watu wakitazama. Nilihesabu magari. Alikaa pale muda mrefu, kisha akaja nyuma yangu akasema, “Aksanti, mukwe. Nimeona.”

Njia nzima ya kurudi nilijiona mtu.

Leo nikafungua barua zangu pale cyber. Mdogo wako Innocent, aliye Norway, ameniandikia: “Beau, shemeji yangu, kazi ni nzuri, lakini picha ya dada iko wapi? Mi naona kasanduku tupu na alama nyekundu.”

Nikamwita Chikondi, anayetunza cyber, yule aliyenifundisha kutengeneza kurasa. Nikamwonyesha kwamba picha ipo, si hii hapa? Akainama, akachomoa disketi yangu kwenye mashine, akafungua ukurasa upya. Ukapotea wewe, Furaha. Kikabaki kisanduku.

“Achimwene, kaka,” akasema kwa Kiswahili alichookota kwetu, “maneno ulipandisha. Picha hukupandisha. Ukurasa unaitafuta kwenye disketi yako, na Norway hawana disketi yako.”

Wote waliokuwa ndani wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikakumbuka.

Siku ile ya mama yako, disketi ilikuwa kwenye mfuko wa shati langu.

Alikaa muda wote ule akitazama kisanduku tupu, kisha akanishukuru.

Chikondi alinionyesha jinsi ya kuipeleka picha yenyewe kwenye seva. Ilipanda polepole sana. Tukafungua tena, disketi nikiwa nimeishika mkononi, nawe ukashuka mstari kwa mstari: kwanza pazia, kisha kitambaa chako cha kichwa, paji la uso, macho. Nilisahau kwamba kitambaa ulikifunga upande wa kushoto. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikaomba ichapwe kwenye karatasi, ikatoka nyeusi na nyeupe. Jioni nimempelekea mama yako. Nilichuchumaa nje ya mlango wake, yeye akichambua maharage.

“Mama, siku ile mulionaka nini?”

“Niliona jina yake. Iliandikwa muzuri, na herufi kubwa.”

“Na sura?”

“Sura hapana. Kasanduku tu, ndani hamuna kitu.”

“Sasa mbona mulisema mumeona?”

“Ningesema nini, mukwe? Bantu bote banatuangalia. Niseme mukwe yangu amenitosha Dzaleka mupaka mujini kuniangalisha kasanduku?” Akaanza kucheka. “Na kile kiti kinazunguka! Mi nilikuwa naomba Mungu nisianguke.”

Tulicheka wote wawili. Kisha akaichukua karatasi, akaiangalia sana, akapitisha kidole kwenye kitambaa chako. Akaigeuza nyuma.

Nyuma ilikuwa nyeupe.

“Hii ni muzuri,” akasema. “Lakini ile yangu utanirudishia lini? Ile yenye aliandika nyuma.”

Furaha, nyuma ya picha uliandika kwa mkono wako: “Kwa mama, usinisahau.” Sikuipiga skana nyuma. Sikuona haja. Na picha yenyewe niliisahau juu ya kioo cha mashine ya skana siku ileile, kwa haraka ya kwenda kuona jina langu kwenye skrini. Niliporudi haikuwepo. Nimeuliza mara tatu. Leo Chikondi ametafuta tena hadi kwenye takataka za karatasi, hakuna.

Nikamjibu mama yako, “Juma ijayo, mama.”

Mwanamke aliyenifichia aibu mbele ya watu, nami nikamdanganya mlangoni kwake.

Naandika haya kwenye daftari, cherehani imefunikwa. Kesho baada ya ibada nitamwomba mama mchungaji anisindikize, maana neno kama hili mkwe halipeleki peke yake. Nitamwambia mama yako kwamba mwandiko wako umepotea, na kwamba ni mimi. Akinyamaza, nitakaa. Akinifukuza, nitaondoka, na keshokutwa nitarudi.

Ukurasa huu sitaupandisha kwenye tovuti kabla ya hapo. Innocent, ukiusoma, ujue mama ameshaambiwa.

Nawe, Furaha, ulimwomba mama yako asikusahau, akavuka nchi nzima na ombi lako kwenye kitenge. Mimi sikuweza kulitunza hata siku moja mjini.

Hata hivyo unikumbuke.